Huko Juu Tusikochimba

Mama Neema wangu,

Mvua ya Songea imetulowesha, lakini aliyenichafua moyo ni mkuu wangu. Udongo wa hapa Mpitimbi unazidi kuwa na tindikali, ambayo dawa yake ni chokaa, kadiri unavyopanda kilima. Kwa kriging, hesabu yetu ya kukisia pale tusipochimba, nilitaka njia inayofuata mwinuko huo. Yeye akang'ang'ania ile inayochukulia wastani mmoja kote.

“Mzee, huko juu tutakosea,” nikamwambia.

“Najua,” akajibu huku akitafuna dagaa. “Lakini njia yako ni ndefu, na mwenye malori ya chokaa anataka ramani kesho. Tangu ushirika ufe, mwenye kauli ni yeye.”

Basi ramani inasema huko juu hakuhitaji chokaa. Mama aliyetupikia, ambaye shamba lake liko huko huko, ametushukuru kwa habari njema, akatuongezea ugali.

Mbusu Neema. Mwambie baba yake anakula vizuri.