Siku Mlima Uliponguruma Umasaini

Mjukuu wangu Milembe,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Didia hatujambo, mama yako anavuna mpunga. Umeniuliza kama niliwahi kuogopa ugenini kama unavyoogopa wewe.

Likizo moja, nikiwa msichana wa shule, tulipelekwa na shule yetu Umasaini, chini ya mlima Lengai uliokuwa umetapika moto. Majivu yalikuwa yameua malisho, majani mapya ndiyo kwanza yanachipua. Ghafla ardhi ikanguruma. Nikamkimbilia mama mwenyeji wetu nikilia, "Mama, mlima unalipuka tena?"

"Sijui," akajibu, akichukua kibuyu. "Nishikie ndama, nimkamue mama yake."

Nikamshika. Kibuyu kilipojaa maziwa, mlima ulikuwa bado unanguruma, nasi tukakaa tukanywa.

Mimi bibi yako,
Kabula