Kadi Iliyokaa Kwenye Droo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Dada ameniambia umeanza tena kupanda ngazi bila fimbo, na kwamba ukikatazwa unajifanya husikii. Mama naye nasikia kifua kimetulia. Mwambie namwamkia sana. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mjukuu wako mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa akicheka ni wewe mtupu.

Nasema wazima wa mwili kwa sababu moyo wangu haujatulia. Hii ni karatasi ya nne. Naandika mistari miwili, nasimama, naenda dirishani, narudi. Mama watoto amesema nahangaika kama kuku anayetaka kutaga, na kwamba kama ni yai basi nilitage tupumzike wote.

Bila shaka umeona kwamba nyuma ya bahasha sikuandika cheo. Najua unavyokipenda. Nilipopandishwa kuwa Mkaguzi wa Lifti, miaka miwili iliyopita, uliitia barua yangu ya cheo kwenye fremu ukaitundika sebuleni juu ya redio, na hakuna mgeni aliyekunywa chai hapo bila kusomewa. Sikukulaumu. Wewe ulistaafu katika kampuni hii hii ukiwa Msaidizi wa Fundi, baada ya miaka thelathini na moja, na wote uliowafundisha kushika spana walikupita wakawa mabosi wako. Mimi niliapa kwamba sitabaki chini.

Nikapanda mbio: Msaidizi, Fundi Daraja la Tatu, la Pili, la Kwanza, mpaka Mkaguzi. Kadiri nilivyopanda ndivyo mashine zilivyokuwa mbali nami. Fundi ndiye anayekwenda kwenye chumba cha mashine juu ya paa na kujaza kadi ya ukaguzi. Mkaguzi anatia sahihi mezani. Ila jambo moja ni la mkaguzi peke yake, nalo ni kusimamisha lifti. Fundi akiona hatari anaandika tu. Na ukisimamisha lifti wapangaji wanalalamika, na kila lalamiko linaingia kwenye faili lako. Mwaka huu faili langu lilikuwa likisubiri kamati, ili niwe Mkaguzi Mwandamizi.

Chini yangu alikuwapo mama mmoja wa makamo, fundi wa Daraja la Tatu, tunayemwita Kimya. Hazungumzi akiwa kazini kwa sababu anasikiliza. Akiweka kiganja kwenye mashine anajua breki imechoka kabla kifuniko hakijafunguliwa. Miaka tisa hajapandishwa, maana mbele ya kamati maneno humkauka. Tulimtania kwamba aliye juu mngoje chini, naye akatujibu kwamba kwa lifti zetu hizi hatangoja sana.

Mwezi uliopita, katika jengo moja la ghorofa tisa, breki iliteleza. Lifti ilishuka ghafla kama mita mbili, ikashika, ikabaki imening'inia kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Ndani alikuwamo mwalimu mmoja mstaafu. Alivunjika mkono.

Meneja aliitisha kikao, akauliza kadi ya ukaguzi iko wapi. Haikuonekana. Kimya alisema aliijaza akaikabidhi ofisini. Meneja akamwambia kwamba neno la Daraja la Tatu bila karatasi ni hewa, akamsimamisha kazi palepale. Kimya aligeuka akaniangalia. Mimi nikaangalia kalamu yangu.

Siku ya kumi na moja baada ya ajali nilitakiwa kukamilisha ripoti, ikabidi nipande juu ya paa kwa mara ya kwanza tangu niwe Mkaguzi. Nyuma ya mashine nilikuta boksi la bati lenye kadi za zamani. Baba, zilikuwa zako. Mwandiko wako unaolalia kushoto nitaujua hata gizani. Breki, kamba za chuma, milango, mafuta, vyote umeandika wewe, na chini ya kila kadi ni sahihi ya yule Bwana Koti, bosi wenu ambaye ulituambia koti lake halikuwahi kuona grisi. Katika kadi moja uliandika kwamba kamba imeanza kukatika nyuzi, lifti isimamishwe leo. Yeye akaandika pembeni kwamba msaidizi hapangi kazi. Nilikaa kwenye ile sakafu ya mafuta na suruali yangu ya ofisini, nikalia.

Nililia kwa sababu kadi ya Kimya haikupotea. Ilikuwa kwenye droo yangu. Aliandika kwa herufi kubwa kwamba breki imekwisha, lifti isimamishwe. Niliisoma, nikaiweka chini ya mafaili, nikajiambia ingoje wiki tatu tu, kamati ikae. Baada ya ajali nikaendelea kuificha, mama wa watu akikaa nyumbani na aibu isiyo yake. Bwana Koti ni mimi, Baba.

Kesho yake nilimpelekea meneja kadi hiyo. Alifunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba karatasi huchanika, na kwamba mtu mwenye safari ndefu kama yangu asijiangushe kwa ajili ya fundi mmoja. Nikatoka na kadi ya Kimya mkononi, nikaenda kuisoma mbele ya kamati.

Kimya amerudi kazini. Daraja ni lilelile la Tatu, wanasema watamfikiria. Kwa mwalimu nilikwenda, hakunifungulia mlango. Mimi wamenishusha hadi chini kabisa, na Jumatatu nilimbebea Kimya sanduku la spana. Hajanisamehe, wala sikumwomba haraka. Aliniambia tu nishike tochi vizuri.

Nakuomba uishushe ile barua ukutani. Najua itakuuma, na mimi inaniuma kukuomba. Lakini fremu usiitupe. Ndani ya bahasha hii nimeweka ile kadi yako ya kamba, nadhani inaenea.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na majirani waliosomewa barua yangu waambie ukweli. Fimbo ushike, tafadhali.

Ni mimi kifunguamimba wako,
Msaidizi wa Fundi.