Mlango wa Kushoto

Majimbo, Embu
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Baba,

Kabla sijasema langu, niambie kwanza habari ya goti. Halafu ya sikio. Halafu ndio uje kwa ng'ombe, maana nakujua, ukiachiwa utaanza na ng'ombe na goti litasahaulika. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Huku mvua ilikatika mapema na vumbi la Siakago linaingia mpaka ndani ya droo za ofisi yetu ya mifugo, lakini kazi inaenda. Mbuzi wa Mbeere wananijua sasa. Wakiona koti langu la kijani wanakimbia, wanajua sindano imefika.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Jumatano nilikueleza habari ya gari kwa sauti iliyosikika ploti nzima, nawe ukanijibu kwamba majani ya chai yamependeza mwezi huu, ukakata. Nikakumbuka zile barua ulizokuwa ukituletea bweni, kwa hicho Kiswahili chako ulichookota barabarani ukiendesha lori la majani. Nikasema basi, na mimi nitamwandikia, asome polepole na miwani yake. Barua inakuja ndani ya gunia la ndengu. Kaka Mwenda asimwage ndengu kabla hajaitoa bahasha, na bahasha yenyewe aifungue taratibu, ina kitu ndani.

Nina ombi, na unalijua. Nataka nije nikuchukue, ukae kwangu wiki moja, daktari wa masikio akuone. Na nataka uje ndani ya gari lako. Ngoja, usiikunje barua bado. Tangu tumzike Mama hujaingia kwenye gari hilo. Ulinipa funguo pale mlangoni pa jikoni ukasema, "Chukua, mimi sina safari tena." Sasa Mwenda ananiambia unapanda kilima chote cha Kionyo kwa miguu kwenda kanisani na goti hilo, na ukipewa lifti unaingia gari la mtu yeyote bila maneno. Ni lako tu usilotaka. Nimekaa na jambo hilo mwaka mzima bila kulielewa, na limekuja kueleweka gereji, mahali ambapo sikwenda kutafuta chochote isipokuwa breki.

Ilikuwa hivi. Breki za mbele zilianza kulia kila nikiteremka Siakago. Nikalipeleka gari gereji moja hapa mjini, silitaji jina kwa sababu nikilitaja Mwenda atapanda gari aje kupigana. Nikawaambia pedi za breki za mbele, basi, hakuna kingine. Najua ulinifundisha nikae kwa benchi nikitazama mikono yao mpaka mwisho. Lakini siku hiyo tulikuwa na chanjo ya mbuzi, watu wameshatoka mbali na mifugo yao, nikaliacha gari nikaenda.

Niliporudi jioni nikampata mwenye gereji mwenyewe, ameshika karatasi ndefu, uso wake wa huruma kama wa mtu anayeleta habari ya msiba.

"Madam, gari yako ilikuwa mgonjwa sana."

"Niliileta na ugonjwa mmoja," nikamwambia.

"Tuliichomeka kompyuta. Kompyuta ikaona mengi."

"Nani aliwatuma mchomeke kompyuta?"

"Hiyo ni kawaida yetu, madam. Hatutaki kastoma apate shida njiani."

Basi akaanza kusoma. Plagi zote mpya. Shoki za nyuma mpya. Sijui sensa gani, imesafishwa. Na hata ile kompyuta kutazama tu, kutazama kwenyewe kuna bei yake. Unanijua, Baba. Nilianza kukunja mikono ya koti langu, na Mama akiniona hivyo alikuwa anaanza kuondoa vyombo mezani. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia. Ndipo akasema, kama mtu anayenipa zawadi:

"Na ule mlango wa kushoto wa mbele, ulikuwa haufunguki kwa ndani. Tumeutengeneza. Hiyo nitakufanyia bei ya urafiki."

Nilizunguka gari, nikaingia kwenye kiti cha Mama, nikaufunga mlango, nikavuta kishikio cha ndani. Ukafunguka. Ukafunguka kama mlango wa gari lolote. Nikaanza kulia, Baba. Nililia pale mbele ya mafundi wote, pua inavuja, sina hata leso. Yule mwenye gereji akadhani ni bili, akatoa kalamu akaanza kuipunguza mwenyewe.

Sikulilia bili. Nilikuwa nawaona ninyi wawili mkifika kanisani. Unazima gari, unashuka, unazunguka mbele kwa ile haraka yako ya mtu aliyechelewa, unamfungulia. Yeye anangoja ametulia na mkoba wake magotini. Na kila Jumapili unanung'unika kwa sauti, wazee wenzako wakusikie: "Mlango mbovu huu, nitaenda kuutengeneza lini." Miaka yote hiyo. Sisi watoto tulikuita bahili nyuma ya mgongo wako, samahani. Mwenda alisema huyu mzee anaweza kununua ng'ombe wa gredi lakini hawezi kununua kishikio cha mlango.

Nilipofuta machozi nikakumbuka fundisho lako lingine: kikitolewa kitu kwenye gari, rudi nacho nyumbani, la sivyo utauziwa cha kwako mwenyewe. Nikasema nataka vya zamani vyote, hapa, sasa hivi. Mwenye gereji akasita. Akaitwa fundi aliyeifanya kazi, mzee mmoja wa Runyenjes anayeitwa Nyaga, mtu mpole, akaja na boksi. Plagi zangu zilikuwamo, na nakuambia, zilikuwa safi kuliko hizo mpya. Nyaga hakunitazama usoni wakati nazigeuza. Halafu akatoa kitu kingine mfukoni mwa ovaroli lake.

"Hii nilitoa ndani ya mlango," akasema. "Sikutaka kuitupa."

Kilikuwa kipande cha kamba ya mgomba, kimekauka, kimekuwa cheusi. Kina fundo.

"Huo mlango haukuwa mbovu, mama," Nyaga akasema. "Kile kichuma cha kuvuta kilitolewa mahali pake, kikafungwa kando ili kisipige kelele. Mtu alifungua kava ya mlango akafanya hivyo akijua. Mimi nimerudisha tu. Sikuweka kitu kipya."

Nikamuuliza kama ni kazi ya wezi. Akacheka kidogo.

"Mwizi hana wakati wa kufunga kitu vizuri hivi."

Nikalichukua lile fundo mkononi. Limezungushwa mara mbili, mkia ukapitishwa chini, ukakatwa kwa meno. Baba, nimekua na mafundo hayo utoto wangu wote. Kila usiku wa kuamkia soko la Nkubu Mama alikuwa akifunga mafungu ya nduma namna hiyo, tukimshikia taa, na mabaki ya kamba akiyatema kando. Lile ni fundo la Mama. Hakuna mwingine aliyefunga vile.

Mwanzoni nikafikiri, kumbe ni yeye. Alikuchezea miaka yote hiyo na wewe ukadhani mlango ni mbovu. Lakini Mama hakujua bisibisi inashikwa upande gani. Nikamuuliza Nyaga skrubu za kava zilikuwaje. Akasema zote ni za gari isipokuwa moja, skrubu ya ubao, kichwa kipana, akanionyesha. Ni mwenzake wa zile ulizopigia bawaba za banda la kuku. Ningeitambua hata gizani.

Kwa hivyo mlikuwa wawili. Nawaona kabisa, mmeinama kwenye mlango huo nyuma ya nyumba, wewe na bisibisi yako, yeye akikusukuma kando kwa kiwiko, sogea, wewe hujui kufunga. Mkatudanganya sisi, mkamdanganya pasta, mkadanganya Kionyo nzima. Mzee wa kanisa, dereva wa lori, kumfungulia mkewe mlango mbele ya watu, wangekucheka mpaka kituo cha majani. Lakini kama mlango ni mbovu, mtu afanye nini? Nilicheka, Baba. Nililia nikicheka mpaka Nyaga akaniletea maji.

Halafu nikakumbuka siku niliyompeleka Mama kliniki Kanyakine, ulipokuwa na homa. Nilizima gari nikatoka mbio kuzunguka upande wake. Nilipofika alikuwa ameshashusha kioo, ametoa mkono nje, amejifungulia mwenyewe na ameshashuka. Nikamwambia, "Mama, kumbe unaweza." Akarekebisha kitambaa chake akasema, "Wewe si dereva wangu." Nilidhani ananitania. Kumbe siku zote aliweza kujifungulia na hakujifungulia. Alikuwa anakungoja wewe.

Ndipo nikaelewa kwa nini ulinipa funguo. Ungezima gari pale kanisani halafu uzunguke kwenda kwa nani?

Sasa mwisho wa mambo ya gereji, najua unaungoja. Nilimwambia mwenye gereji hivi: breki nilizileta, breki nitalipa. Plagi zangu zirudi kwenye gari, zako zirudi kwenye rafu. Shoki za zamani nilizikagua nikakuta zinavuja kweli, kwa hivyo hizo nikakubali, lakini kwa bei niliyoiuliza duka la vipuri mwenyewe kwa simu yeye akisikiliza. Kompyuta ilitazama kwa hiari yake, silipi. Alitaka kuleta maneno, lakini kulikuwa na kastoma wengine wawili pale, wakaanza kuuliza magari yao pia yamechomekwa nini. Akaona afadhali yaishe.

"Na mlango," nikasema, "urudishwe ulivyokuwa."

"Madam, unataka niharibu kitu nimetengeneza?"

"Hukutumwa kutengeneza. Rudisha."

Akamtazama Nyaga, Nyaga akatazama chini, nadhani alikuwa anatabasamu. Nyaga akafungua kava tena. Alitaka kukifunga kile kichuma kwa kamba ya plastiki, nikamkataza. Nilitembea mpaka sokoni, nikanunua nduma kwa mama mmoja ili tu anipe kamba ya mgomba aliyofungia, nikarudi. Nyaga akanimulikia nikafunga mwenyewe. Fundo langu halifanani na la Mama hata kidogo. Mara ya kwanza lilifunguka, mara ya pili nikazungusha kinyume, lakini sasa limeshika, na nimekata mkia kwa meno. Kamba ya mgomba ni chungu, sikujua. Yeye hakuwahi kusema.

Nyaga akaniambia kwa upole kwamba mlango wa namna hiyo ni hatari, nikamwambia kioo kinashuka. Ile skrubu yako ya banda la kuku nayo imerudi mahali pake.

Fundo la Mama ndilo lililo ndani ya bahasha hii, nimelizungushia karatasi. Nyaga alikata kamba kando ya fundo, kwa hivyo lenyewe halikuguswa. Ni lako. Liweke utakapotaka, na kama hutaki mtu alione, usimwonyeshe mtu. Mimi sijamwambia Mwenda. Hiyo ni siri yenu, mimi nimeingia tu kwa makosa ya gereji.

Mpe mke wa Mwenda salamu zangu, mwambie ndengu hizo asizichemshe sana. Msalimie shangazi mwenye funguo za kanisa, na yule jirani anayepima majani kituoni, mwambie namkumbuka na mizani yake inayoona aibu kutaja kilo zote. Wajukuu wako wasome. Na ng'ombe, haya, na ng'ombe pia.

Jumamosi nitafika nyumbani kabla ya saa sita. Nitapiga honi pale kwenye mti wa muthaiti na sitashuka kunywa chai kwanza, kwa sababu tukianza chai utapata sababu. Njoo na lile koti lako la kahawia, Embu asubuhi kuna baridi hata kama hamwamini. Utakaa upande wa kushoto. Najua ni kiti cha nani. Hakuna aliyekikalia tangu wakati ule, isipokuwa mimi dakika ile ya gereji; hata mkoba wangu huuweka nyuma.

Tukifika hospitali nitazima gari. Ukitaka, shusha kioo, toa mkono ujifungulie, nami sitakasirika, nitajua mimi si dereva wako. Lakini ukitulia hapo na kofia yako magotini, Baba, nitazunguka.

Ni mimi binti yako,
Kagendo