Msalaba wa Chaki Mbele ya Maikrofoni

Guapi, 11 Machi 2008

Mdogo wangu Wílmer,

"Mashine ya kurekodia ina njia nane tu, na sauti ya bibi mmoja anayechelewa kila pigo haiwezi kupewa njia nzima kana kwamba ni marimba." Nimeinakili sentensi hiyo kutoka kwenye barua yako, neno kwa neno, usije kesho ukasema sikuisoma vizuri. Unadai ni maneno ya Harold, bosi wako wa studio. Mkono ulioyaandika naufahamu, niliufundisha mwenyewe kushika kalamu.

Salamu sasa. Sisi hatujambo. Mama mzima, ila goti linamsumbua. Anakubariki na anauliza kama huko Cali unakula au unakunywa kahawa tu. Tangu tumzike mama mdogo Melba amevaa nyeusi, redio ameifunika kitambaa, na wimbo wa furaha hautatoka kinywani mwake mpaka Februari ijayo. Taratibu za nyumba hii unazijua. Wimbo wa kikundi tuliurekodi tarehe tisa Februari, Melba akafariki tarehe ishirini na sita. Waamuzi wa tamasha la Agosti wanataka wimbo uwafikie kabla ya Mei thelathini. Mama ana miaka themanini na mmoja. Kwa hiyo sauti iliyomo kwenye kadi ya mashine niliyokutumia ndiyo pekee tuliyo nayo, na huenda ikawa ndiyo ya mwisho.

Sasa turudi kwa Harold. Anachelewa? Anachelewa wapi? Mama haimbi juu ya pigo. Anaimba nyuma yake kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Amefanya hivyo miaka sitini, na marimba zote za mto huu zimejifunza kumngoja. Halafu anatokea bwana mmoja mwenye kidude kinachogonga tik-tik-tik, anampima nacho mama yetu, na badala ya kutilia shaka kidude anamtilia shaka mama!

Njia zenyewe nazijua, niliziandika kwenye karatasi: ya kwanza na ya pili marimba, ya tatu cununo, ile ngoma ndogo ya mikono, ya nne bombo, ngoma kubwa ya Genaro. Ya tano ni Zoraida anayeongoza, ya sita Mama, ya saba wanawake wanaoitikia. Ya nane iko tupu. Harold anataka gitaa la besi na kinanda. Mpe hiyo ya nane achague kimoja, na hata hicho namhurumia tu.

Umeandika pia kwamba kuanzia ubeti wa tatu sauti ya Mama inafifia, "nadhani alichoka." Mama hakuchoka. Nilimsimamisha mwenyewe mbele ya maikrofoni yake mle darasani ninamofundisha, nikamchorea msalaba wa chaki sakafuni asisogee. Kagua nyaya zako.

Usiiguse njia ya sita. Don Saturnino wa boti anakuletea piangua, zile kombe za mikokoni, kilo mbili, nimezichemsha tayari. Uzile kwanza, hasira uimalizie baadaye.

Dada yako,
Ruperta


Cali, 24 Machi 2008

Dada Ruperta, shikamoo.

Naomba baraka za Mama. Mimi mzima. Piangua zilifika zikinuka mpaka dereva wa basi akaniuliza nimebeba maiti ya nani, lakini nimezila zote.

Boti ilikwama siku tatu Buenaventura. Barua yako imenifikia siku nane baada ya mimi kumaliza kazi. Naandika haraka kabla sijapata uoga.

Njia zilikuwa hazitoshi. Njia zikiisha tunaunganisha: unamimina vikombe viwili kwenye sufuria moja, unabaki na vikombe vitupu vya kutumia tena. Nikamimina Zoraida na waitikiaji kwenye ya nane. Ya sita, ya Mama, nikaizima, kwa sababu ilikuwa inavuta wenzake nyuma na nusu yake haisikiki. Kisha nikafuta tano, sita na saba. Mashine ina kitufe cha kurudisha ulichofuta, lakini kadi ilikuwa imejaa, besi haiingii, nikaifagia. Ukishafagia, hakuna cha kurudisha.

Nakala sikuweka. Nilifanya kama ninavyowafanyia watu wote, na hapo ndipo nilipokosea.

Zoraida anasikika vizuri mno, dada. Kama kengele. Wimbo unaweza kupita hata hivyo.

Mdogo wako,
Wílmer


Guapi, 3 Aprili 2008

Wílmer,

Hatujambo. Hujambo.

Mama ameniuliza wimbo umefikia wapi. Nimemwambia uko njiani. Nina miaka hamsini na miwili na nimesimama jikoni nikimdanganya mama yangu kwa sababu yako.

Usiniandikie tena habari za kengele. Kengele wanazo kanisani.

Ruperta, dada yako kwa kuzaliwa tu


Cali, 9 Mei 2008

Dada yangu, shikamoo. Usiichane kabla hujafika chini.

Natumaini goti la Mama limepoa. Mimi nimekonda, na safari hii si kahawa.

Jumanne Harold aliniambia, "Wílmer, njia ya nne imejaa takataka. Isafishe." Njia ya nne ni bombo. Kuna namna ya kuifundisha maikrofoni ifunge mdomo kati ya pigo na pigo, ili isikike ngoma peke yake. Nikavaa hedifoni, nikazizima njia zote, nikaacha hiyo moja nisikie takataka zenyewe ni zipi.

Ubeti wa kwanza, ngoma. Wa pili, ngoma. Halafu ndala, dada. Ndala zinakokotwa kwenye mbao. Halafu sauti ya mwanamke kwa mbali, kali: "Mama! Rudi kwenye chaki!" Na sauti nyingine karibu sana, kama iko ndani ya sikio langu: "Niache, mwanangu." Genaro anacheka, anaongeza nguvu. Na Mama anaimba.

Hakuwa amechoka. Alikuwa amehama. Alikwenda kusimama usoni mwa bombo, akaliimbia mpaka wimbo ukaisha. Beti nne nzima. Maikrofoni ya ngoma ikamchukua yeye na ngoma pamoja, na mimi nilikuwa nimebakiza nusu saa tu nimkatekate kwa sababu ameandikwa "takataka".

Nilisikiliza mara tano. Kisha kabla ya kitu kingine chochote nikaweka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye sidii, moja ninalala nayo.

Sasa sikiliza shida yake, maana wewe utaipenda. Mama na bombo wako njia moja, wanapanda na kushuka pamoja. Nikilishusha bombo ili kinanda kisikike, Mama anashuka. Nikimpandisha Mama, bombo linapanda naye na linaipiga besi mateke. Nikachezea siku mbili. Harold akaja, akasimama nyuma yangu, akasema, "Achana na huyo bibi, tuna siku ishirini."

Nikamwambia, "Bosi, huyo bibi ni mama yangu."

Hakuwa anajua. Miezi yote hii sikumwambia. Niliona haya, dada. Niliogopa asije akanionea huruma, au akaniona mshamba. Akavuta kiti, akaniambia, "Mama yako? Na umenyamaza tangu Februari? Mjinga wa mwisho wewe. Hebu sogea nisikie." Akasikiliza. Alipofika kwenye ndala akatabasamu. Alipofika mwisho akasema, "Basi besi ndiyo takataka." Akanyoosha kidole akaifuta yeye mwenyewe. Kinanda nikakifuta mimi.

Sasa kuna marimba, cununo, Zoraida na wenzake, na katikati bombo juu kabisa na Mama ndani yake. Beti mbili za mwanzo za Mama ndizo zimekwenda, sina cha kusema juu ya hizo.

Jambo moja. Sauti yako, ile ya "rudi kwenye chaki", iko juu ya ngoma. Kuikata ni kukata mapigo mawili. Wewe ndiye mwenye sauti, sema. Sidii iko na Don Saturnino.

Mdogo wako,
Wílmer


Guapi, 17 Mei 2008

Mdogo wangu Wílmer,

Hatujambo, na leo nasema hivyo kwa moyo wote.

Nilikuambia ukague nyaya zako. Nyaya zako zilikuwa nzima. Aliyekuwa na hitilafu ni mimi. Nilimwona Mama akiuacha msalaba, nilimwita, nilimvuta hata mkono wa gauni, kisha nilipokuandikia nikajifanya sikumbuki. Miaka ishirini nimeandika magazetini kwamba hakuna mtu wa nje atakayetupanga mistari, nikaja kuchukua chaki ya shule nikampanga mama yangu mwenyewe. Harold alisema bibi anachelewa. Mimi nilisema bibi asisogee. Niambie tofauti iko wapi.

Nimemweleza Mama kila kitu, na uongo wangu pia. Alikuwa anamenya ndizi.

"Mama, kwa nini ulihama?"

"Nilikuwa nazungumza na bombo. Nikiimbia kile chuma, kitanijibu nini?"

"Beti mbili za mwanzo Wílmer amezipoteza."

"Zile? Zile nilikuwa bado sijaimba. Nilikuwa nakuridhisha wewe."

Hivyo msamaha wako umeupata, mdogo wangu, na umeupata kwa bei rahisi kuliko mimi.

Nyumbani hatuwezi kuipiga sidii, kwa hiyo umeme ulipokuja saa nne asubuhi nilikwenda kwa Zoraida. Mama akasema yeye hatakuja, yuko kwenye msiba. Baada ya dakika kumi tukamwona amekaa kwenye ngazi ya jirani na beseni lake la ndizi, mgongo ametugeuzia. Hasikilizi, anamenya tu. Zoraida akafungua madirisha yote mawili, akasema kuna joto. Wimbo ulipofika kwenye ndala, kisu cha Mama kikasimama. Kikabaki hivyo hivyo mpaka mwisho. Halafu akasema bila kugeuka: "Genaro hakukaza ngozi. Mwambieni." Akabeba beseni akaenda zake.

Sauti yangu usiikate. Iache ilivyo, watu wamsikie mwalimu akishindwa.

Peleka wimbo. Usingoje tarehe thelathini.

Dada yako, tena kwa mapenzi,
Ruperta


Cali, 11 Julai 2008

Dada, shikamoo, na baraka za Mama naziomba mara mbili.

Tumepita! Kikundi kinapanda jukwaani Agosti. Mmoja wa waamuzi amepiga simu studio, hakuuliza habari za marimba wala za Zoraida. Ameuliza, "Ni nani yule aliyesimama nyuma ya ngoma?" Nikamjibu, "Hayuko nyuma ya ngoma, ngoma iko nyuma yake." Harold akanipigia makofi.

Najua Mama hatakuja, na najua nafasi yake mtaiacha wazi. Lakini Harold amewaka moto. Anataka nyimbo kumi. Ameagiza mashine kubwa ya njia ishirini na nne, na anasema akimaliza msiba Mama aje Cali na wote: "Kila mwanamke na chumba chake cha kioo, kila mmoja na njia yake, na alama sakafuni, tusipoteze tena hata neno." Nadhani ni heshima kubwa. Unasemaje?

Mdogo wako,
Wílmer


Guapi, 23 Julai 2008

Wílmer, na wewe Harold, maana najua mtaisoma pamoja,

Hatujambo. Mama anawabariki nyote wawili. Goti linaendelea.

"Kila mmoja na njia yake, tusipoteze tena hata neno." Harold, nakushukuru kwa ule mkono ulioifuta besi, kwa hiyo nitakujibu taratibu. Neno halikupotea kwa sababu njia zilikuwa chache. Neno lilipotea pale kila mtu alipokuwa na njia yake ya kufutwa peke yake, na likaokoka pale watu wawili walipobanana kwenye moja. Ungekuwa na njia ishirini na nne Februari ile, na vioo, ndala za Mama zingegonga mlango, angerudi kwenye chaki, na leo hakuna mwamuzi ambaye angepiga simu. Mtamtenga Zoraida na bombo, bombo na guasá, lile kayamba letu la mwanzi, guasá na mkono unaolitikisa, kisha mtakaa miezi sita mkijaribu kuwapatanisha watu ambao hawakuwahi kugombana.

Wanawake hawa hawaimbi wakiwa wamesimama mahali pamoja. Wimbo ukipata moto wanahama, na kuhama kwao ni sehemu ya wimbo. Hilo nilizaliwa nalo, na bado nilihitaji mashine ya mdogo wangu kunikumbusha. Wewe hukuzaliwa nalo, kwa hiyo sikulaumu. Nakudai.

Mama anavua nyeusi tarehe 26 Februari. Nawataka tarehe 27, nyote wawili, mshuke hapa gatini na hiyo mashine mliyoagiza. Vioo viacheni Cali. Bombo lipeni maikrofoni mbili, moja ya ngozi, ya pili ya yeyote atakayekuja kuliimbia. Kadi njooni nazo mbili, na hakuna kulala kabla hamjaweka nakala. Msifute chochote mpaka mmekizimia wenzake wote na kukisikiliza peke yake hadi mwisho. Darasa nitalifagia mwenyewe, na msalaba nimekwisha kuufuta kwa kitambaa chenye maji. Mmoja wenu akitoa chaki mfukoni, atarudi na boti iliyomleta.

Dada yenu,
Ruperta