Mshenga Asiyesema

Kinampanda, 9 Oktoba 2004

Kwako Elisha wangu,

Huku sisi wazima, mvua bado, na yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha.

Diski ya video uliyojirekodia ilifika na basi la Ijumaa. Baba alikutaka umtume mshenga aje aseme kama bado unanioa. Wewe ukatuma diski! Hata hivyo wazee walikaa, baba akaazima deki, televisheni na jenereta kwa mchungaji. Deki ikazungusha, ikazungusha, kioo kikabaki cheusi. Baba akasema, "Mshenga gani huyu asiyesema?" Wazee wakainuka hata chai hawajamaliza.

Nikaipeleka kwa fundi kule Kiomboi. Anasema diski yako ina alama ya kujumlisha, na deki ya mchungaji inasoma zenye alama ya kutoa tu. Nikamwambia basi aibadilishe hiyo alama. Akacheka. Eti diski ikishachomwa, ndiyo kurekodiwa huko, imechomwa, haifutiki wala hairekebishiki. Mimi sielewi. Diski zote ni duara, zote zinang'aa, kwa nini zisielewane? Na wewe unayefanya kazi studio hukujua?

Nimekupigia kwa simu ya dukani, hupatikani.

Elisha, jana ng'ombe wa mahari wa mtu wa Shelui wameingia zizini kwetu. Baba amewapokea.

Diski nalala nayo chini ya mto. Najua jibu lako limo humo, na halifutiki. Ila niandikie kwa kalamu, upesi: ulisema unakuja, au ulikuwa unaniaga?

Wako, kama bado ni wako,
Luciana