Mahali Walipocheka Zaidi

Wanjiru wangu,

Huku Kinoo tuko salama. Cucu, nyanya yako, amepata miwani mpya, sasa anaona hata vumbi ambalo halipo.

Umeuliza, katika uchekeshaji wangu wote, jukwaani, redioni na kwenye televisheni, watu walicheka wapi zaidi. Ni mazishini. Nilikuwa kijana, nimezoea kuongoza harusi kila Jumamosi, ndipo mama jirani akaniomba niongoze mazishi ya mumewe. Familia ilipozunguka jeneza kupigwa picha, ulimi ukateleza: "Sogeeni, tabasamuni! Bwana harusi, angalia hapa!"

Watu wote wakanigeukia. Kisha mjane, machozi yakimtiririka, akaangua kicheko. "Ai, mzee angependa hiyo!"

Picha bado iko ukutani kwake. Wote wanacheka, isipokuwa bwana harusi.

Guka, babu yako