Presha ya Moraa

Alhamisi, tarehe 12

Mama ameniambia niandike presha kuwa chanzo cha kifo. Wasifu wa dada yangu Moraa utasomwa kesho mazishini, na mimi ndiye msomaji. Daktari alinieleza wazi: mafuta yaliyotolewa tumboni mwake na kudungwa makalioni kwenye kliniki ya urembo yaliingia kwenye mshipa, yakafika mapafuni.

"Unataka watu wote wa hapa Nyamache wamcheke mtoto wangu kaburini?" Mama aliniuliza.

Nikaandika presha.

Jioni, tukimenya ndizi, binamu yetu Kerubo akaninong'oneza: "Afadhali mimi sina presha. Kliniki ileile wamenipangia upasuaji uleule mwezi ujao."

Nilimvuta nyuma ya jikoni nikamwambia yote.

"Kama ni kweli, dada, mbona hukuandika?"

Nimelifuta neno lile. Mama atasikia ukweli kesho, pamoja na watu wote.